Nyumba Isiyofuka Moshi

Kuna namna mbili za kuhifadhi nyumba ya miti. Namna ya kwanza ni kuizuia isibadilike: kuizungushia ua, kuiwekea ubao wa maelezo, na kuwaonya watoto wasiiguse. Namna ya pili ni kumtunza mtu ajuaye kuijenga, ili ikianguka hii leo, kesho isimame nyingine. Makumbusho mengi ya dunia yamechagua ile ya kwanza. Mimi, kwa umri wa miaka sabini na ushei nilioufikia, na kwa kazi ya ualimu niliyoifanya karibu maisha yangu yote, naiona kuwa ni nusu ya kazi. Katika kurasa hizi chache nitajaribu kueleza kwa nini.

Mfano nitakaoutumia ni Kijiji cha Makumbusho kilichoko Dar es Salaam, sehemu ya Kijitonyama, kando ya barabara iendayo Bagamoyo. Kilianzishwa mwaka 1966, taifa letu likiwa bado changa, nacho ni tawi la Makumbusho ya Taifa. Humo zimejengwa nyumba za jadi za makabila 16 ya Tanzania, kila moja katika kiwanja chake, na mgeni huzizungukia kwa miguu chini ya miti. Nimekitembelea mara kadhaa, mara nyingine peke yangu, mara nyingine nikiwa na wanachuo wa ualimu wakati nilipokuwa mkuu wa chuo.

Nianze na sifa, maana haki ni haki. Kijiji hicho kilianzishwa katika miaka ambayo sisi wasomi wengi tuliona nyumba ya nyasi kuwa ni aibu. Haukupita muda mrefu tukawa tunahimizwa kuwafundisha wananchi habari za nyumba bora, yaani ya matofali na mabati, na katika miaka ya 1970 mamilioni ya watu walihamia katika vijiji vipya na kuacha nyuma makazi ya baba zao. Kwamba wakati huo huo palikuwa na watu walioona kuwa msonge na tembe vinastahili heshima ya makumbusho, ni jambo la kuwashukuru. Tena hakuna mahali pengine ambapo mtoto wa Dar es Salaam anaweza, kwa asubuhi moja, kuingia katika nyumba ya Mchaga na kutokea katika nyumba ya Mhehe.

Baada ya sifa, sasa tupime. Fikra ya kukusanya nyumba za jadi uwanjani haikuzaliwa kwetu. Makumbusho ya kwanza mashuhuri ya aina hiyo ni Skansen, iliyofunguliwa mwaka 1891 huko Stockholm, Sweden, na bwana mmoja aitwaye Artur Hazelius. Bwana huyo aliona miji na viwanda vikiwala vijiji vya kwao, akanunua nyumba za wakulima, zikafunguliwa gogo kwa gogo, zikasafirishwa na kusimamishwa upya. Jambo hilo liliwezekana kwa sababu nyumba za huko ni za magogo mazito yaliyochongwa na kupandanishwa. Nyumba kama hiyo ni kitu. Unaweza kuipa namba kila kipande, ukaihamisha, nayo ikabaki nyumba ile ile iliyojengwa miaka mia mbili iliyopita.

Nyumba zetu sivyo zilivyo. Nyumba ya fito, nyasi, udongo na samadi huwezi kuifungua ukaibeba. Ukitaka kuihamisha, humhamishi mti bali mjenzi. Nyumba yetu ni kazi zaidi ya kuwa kitu, na kazi hiyo haina mwisho: mwaka huu unaezeka upande huu, mwakani unakandika upande ule, na baada ya miaka kadhaa hakuna ufito hata mmoja wa mwanzo, lakini nyumba ni ile ile, ya mama yule yule. Basi tulipoiazima fikra ya Skansen tuliazima dawa iliyotengenezwa kwa maradhi mengine. Hapo ndipo penye kiini cha hoja yangu, na nitaionyesha kwa nyumba tatu za watu wa milimani na wa nyanda za juu.

Ya kwanza ni msonge wa Wachaga wa Kilimanjaro. Ni nyumba ya duara, fito zake zimepindwa zikakutana juu, na nyasi zimeshuka kutoka kileleni karibu hadi ardhini, hata mtu akiiona kwa mbali huweza kudhani ni kichuguu kikubwa kilichoota majani. Ndani ya nyumba kama hiyo palikuwa na upande wa watu na upande wa mifugo, mafiga, na dari ya kuwekea kuni na vyakula. Ng'ombe walilishwa humo humo ndani. Samadi yao ilipelekwa kwenye migomba ya kihamba, nayo migomba ikarudisha majani na mashina ya kuwalisha ng'ombe hao hao. Moshi wa mafiga nao ulikuwa na kazi yake: ulipanda ukakausha kuni darini, ukapenya katika nyasi ukaacha masizi, na masizi hayo yakafukuza wadudu na kuchelewesha uozo katika mlima wenye mvua nyingi. Kwa hiyo nyumba ya Mchaga haikuishia mlangoni. Ilianzia kwenye mfereji na mgomba, ikapita kwa ng'ombe, ikamalizikia katika masizi ya darini. Ukiusimamisha msonge pwani, bila ng'ombe, bila kihamba na bila moto wa kila siku, umewaonyesha watu kofia, ukawaacha wakisie kichwa.

Ya pili ni nyumba ya Wanyakyusa wa milima ya Rungwe, kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Hawa ni mafundi wa mianzi. Msafiri Mskoti Joseph Thomson alipopita katika nchi yao mwaka 1879 alivutiwa mno na unadhifu wa vijiji vyao, na hata leo mtu akitazama jinsi mianzi inavyopangwa na kufungwa ataelewa. Lakini kitu cha ajabu zaidi katika ujenzi wa Wanyakyusa hakionekani ukutani. Zamani wavulana wao, wakiwa bado wadogo wa miaka kama kumi hivi, walitoka katika nyumba za baba zao wakaanza kujijengea vibanda pembeni, rika moja pamoja, na baadaye kile kikawa kijiji chao wenyewe walichooa na kuzeeka humo. Mtaalamu Monica Wilson, aliyeishi nao katika miaka ya 1930, aliandika kitabu kizima juu ya vijiji hivyo vya rika, kikatoka mwaka 1951. Sasa fikiria, msomaji: kwa watu hawa kujenga kulikuwa ni shule. Mtoto alianza na kibanda kibovu cha matete kinachovuja, akajifunza kwa kulowa. Nyumba iliyokamilika, iliyosimama peke yake kiwanjani, haiwezi kusimulia habari hiyo. Kibanda kibovu cha mtoto ndicho kingeisimulia, na mahali pake katika makumbusho yetu panastahili kuwa pa mbele.

Ya tatu ni tembe la Wahehe wa nyanda za juu za Iringa: kuta nene, nguzo na boriti nzito, paa la bapa lililojazwa udongo, vyumba vimezunguka ua. Nyumba hiyo inasema wazi kuwa wenyewe walijua vita. Lakini vita na nani? Nyumba haiwezi kueleweka bila majirani zake. Natoa mfano wa tembe jingine lililo karibu na kwetu, la Wairaki wa Mbulu na Karatu. Zamani walilichimbia ubavuni mwa kilima, paa lake likawa sawa na ardhi, nyasi zikaota juu, hata ng'ombe angeweza kupita darini pasipo mpita njia kujua kuwa chini yake wamo watu. Walijificha nani? Walitukwepa sisi Wamaasai tuliokwenda kuwanyang'anya mifugo. Wazee wetu ndio waliolichora paa lile, ingawa hawakushika jembe. Ukitaka kuhifadhi tembe la Mwiraki, mweleze mtoto pia habari ya mkuki wa Mmaasai, na leo hii wajukuu wa pande zote mbili wakae dawati moja waicheke pamoja habari hiyo.

Nimelitaja kabila langu, basi nieleze ninapoandikia. Naandika Endulen, ndani ya eneo la Hifadhi ya Ngorongoro, magharibi ya milima ya kreta. Ndiko nilikozaliwa kabla ya mwaka 1959 ambao eneo hili lilitengwa na Serengeti, na ndiko nilikorudi baada ya kustaafu. Hapa nyumba ya miti bado inafuka moshi, na kwa nyumba hiyo ndiyo ninayapima makumbusho.

Enkaji ya Kimaasai hujengwa na mwanamke. Mwanamume atazungushia boma miiba na kutafuta mahali, lakini nyumba ni ya mke, aliyeijenga kwa mikono yake, na mume ni mgeni anayekaribishwa. Mama yangu hakuingia darasani hata siku moja. Alijua kuwa leleshwa ni mti wa nguzo kwa sababu hauozi upesi wala mchwa hawaupendi. Alijua fito zipi zinapindika na zipi zinavunjika, na samadi ichanganywe kwa kiasi gani na udongo ili isipasuke jua linapowaka. Alijua kuukunja mlango kama gamba la konokono ili upepo wa baridi wa nyanda hizi usifike kwenye moto. Ndama wachanga walilala ndani karibu na mlango, na joto lao lilikuwa sehemu ya nyumba. Mvua iliponyesha usiku na paa likavuja, nilimsikia akitoka gizani na samadi mikononi, akapanda, akaziba, akarudi kulala. Dada zangu hawakufundishwa ujenzi. Walibeba samadi, wakashika fito, wakatumwa na kutukanwa kidogo, na siku ya kuolewa kila mmoja alijua kusimamisha nyumba yake.

Mwaka mmoja, tulipokuwa tunaizunguka nyumba moja pale Kijitonyama, mwanachuo mmoja wa kike kutoka bara alinigeukia akauliza: “Mwalimu, na mama mwenye nyumba hii yuko wapi?” Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, kwani lilikuwa swali la mtu aliyekulia katika nyumba ya namna hiyo. Kwake nyumba isiyo na mama ilikuwa ni mahame, na mahame watu hawayazuru, huyapita wakiharakisha. Nilimjibu kuwa hilo ndilo swali la kwenda nalo darasani. Tangu siku ile nimekuwa nikilirudia mwenyewe kila niingiapo katika makumbusho yoyote.

Nyumba ya maonyesho huitwa kwa jina la kabila: nyumba ya Wachaga, nyumba ya Wahehe, nyumba ya Wanyamwezi. Lakini kabila halijengi. Anayejenga ni mtu, fulani binti fulani, mwenye mkono wake na ujuzi wake, na jirani zake wanaujua mkono huo kama tunavyoujua mwandiko. Katika nyumba ya picha tunauliza jina la mchoraji, na katika kanisa kubwa la mawe huko Ulaya tunatajiwa fundi mkuu. Kwa nini aliyepinda fito asitajwe?

Najua majibu yatakayotolewa. La kwanza ni la fedha: kuezeka upya nyumba 16 katika joto na unyevu wa pwani, ambako mchwa hawana likizo, ni gharama kubwa, na nyasi zifaazo hazioti Kijitonyama. Jibu hilo ni la kweli. La pili ni kwamba Kijiji chenyewe hakikulala: tangu miaka ya 1990 kimekuwa kikiandaa siku za makabila, ambapo jamii moja hualikwa na ngoma zake, vyakula vyake na mafundi wake. Naisifu sana kazi hiyo, maana siku hizo nyumba hupata watu. La tatu ni la afya. Moshi huo huo unaohifadhi paa huumiza macho na vifua vya mama na watoto, na hapa Endulen hakuna familia isiyolijua hilo. Mimi mwenyewe nalala katika nyumba ya bati na dirisha, wala sitamwambia mjukuu wangu arudi gizani ili watalii wafurahi.

Lakini hoja yangu si kwamba watu wabaki katika nyumba za fito. Hoja yangu ni kwamba makumbusho yakichukua jukumu la kuzihifadhi, yahifadhi kile kinachozifanya ziwe. Wajapani wametuonyesha njia. Huko Ise wanalo hekalu la miti ambalo kwa zaidi ya miaka elfu moja wamekuwa wakilijenga upya, kwa desturi kila baada ya miaka 20, kiwanja kwa kiwanja, jipya kando ya la zamani. Mara ya mwisho ilikuwa mwaka 2013, na ijayo imepangwa 2033. Miti ni mipya, lakini hakuna anayesema hekalu ni la bandia, kwa kuwa seremala kijana amejifunza kwa seremala mzee, naye atamfundisha mwingine. Huko kubomoa na kujenga ndiyo hifadhi yenyewe. Kwetu nyumba ya nyasi ikianguka tunaona haya. Ingefaa tuialike shule.

Sasa niseme kwa nini jambo hili linanikosesha usingizi. Ngorongoro iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1979 kwa ajili ya maumbile yake. Mwaka 2010 ikaongezewa sifa ya utamaduni, na msingi mkubwa wa sifa hiyo ni mabaki ya binadamu wa kale. Fuvu la Zinjanthropus lililopatikana Olduvai mwaka 1959 limehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa, yale yale yenye Kijiji chetu. Nyayo za Laetoli, si mbali na hapa nilipokaa, zina umri wa zaidi ya miaka milioni tatu na nusu. Zilipogunduliwa katika miaka ya 1970 zilipimwa, zikapigwa picha, kisha zikafukiwa tena kwa uangalifu ili zisiharibike. Najivunia mambo hayo, nami nimeyafundisha. Ila naona kwamba aliyepita hapa mara moja, zamani zile, akaacha nyayo, ana walinzi. Mama anayekandika enkaji yake leo hana hata mtu wa kumwandika jina.

Tena watu wenyewe wanapungua. Kuanzia Juni 2022 familia kutoka eneo hili zilianza kuhamia Msomera, wilaya ya Handeni, katika nyumba za matofali na mabati zilizojengwa na Serikali. Wengine walikwenda, wengine tumebaki, na maneno juu ya jambo hilo yamekuwa mengi na makali. Sitaliamua shauri hilo katika insha ya nyumba. Nasema hili moja tu: binti aliyefika Msomera akiwa na miaka minane amekuta nyumba imekwisha kusimama. Hakubeba samadi, hakushika ufito. Na binti wa Endulen aliyeko bwenini kwa masomo, jambo ninalolitaka na nililolipigania, naye hakushika. Ujuzi huu hautauawa na adui. Utakwisha wenyewe, mama mmoja baada ya mwingine, na kisha siku moja mtu mwenye nia njema atajenga enkaji moja nzuri kando ya barabara, ataizungushia ua na kuweka ubao. Haitakuwa na moshi, na hakuna atakayejua kuiziba ikivuja.

Basi napendekeza mambo manne, nayo si ya gharama kubwa. Kwanza, kila nyumba ya maonyesho iandikwe jina la aliyeijenga, kijiji alichotoka, na miaka ya matengenezo yake. Pili, ujenzi upya uwe na ratiba inayojulikana, ufanyike mbele ya watu, na wanachuo wa ualimu washike fito pamoja na wazee, kwa sababu mwalimu mmoja akijua, madarasa arobaini yatajua. Tatu, moto uwashwe, walau siku chache kwa juma, ili mgeni aione kazi ya moshi na ubaya wake pia. Nne, kila nyumba ionyeshwe na uwanja wake na majirani zake: msonge na mgomba, tembe na vita iliyolizaa.

La mwisho ni letu sisi wa huku, wala halihitaji kibali cha Dar es Salaam. Shule zipo, watoto wapo, na wanawake wanaojua kujenga bado wapo, ingawa magoti yao yamechoka kama yangu. Katika eneo hili ukataji wa miti una masharti yake, na masharti hayo tuyafuate, lakini enkaji moja ya shule haihitaji msitu. Walimu wawaalike akina mama hao watatu au wanne, wawape viti kivulini, wao waelekeze na watoto wajenge, wavulana na wasichana. Itapinda, itavuja mvua ya kwanza. Ndipo somo litakapoanza.